Nusu ya Shamba la Buhinyuza

Jumatatu, 3 Juni
Nimepalilia tangu asubuhi. Mgongo unauma. Mchana Melkiori amepiga simu kutoka Buhinyuza. Kule kambini Tanzania mimi niliongoza chama cha kudai kurudi nyumbani, yeye alikuwa mlinzi wangu. Shamba la marehemu baba yake linalimwa na mjane, Esperanse. Hataki kutoka. Melkiori anataka nikahutubie mkutano. "Waambie kama zamani, Mwenyekiti. Ardhi ni yetu, basi."
Nimekubali kwenda. Kusema maneno hayo, sijakubali.

Jumatano, 5 Juni
Nimekasirika siku nzima. Maneno yale ni yangu. Siyajutii. Bila hayo tungezeekea kambini. Lakini tuliporudi huku nyumbani nimekuta watu ambao hawakumfukuza mtu. Walipewa na serikali ardhi tuliyoiacha, wakazaa, wakazika. Kumtoa mjane nyumbani ni ukombozi gani? Kila nikisema hivi, wenzangu wanabadilisha mazungumzo.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefika Buhinyuza, mkoani Muyinga. Kabla ya kwenda kwa Melkiori nimepita kwa Esperanse. Alikuwa anapura maharage. Hakunikaribisha.
"We ndo ule wa kambini?"
Nikasema ndimi. Nikamwambia nitaomba yeye na Melkiori wagawane shamba nusu kwa nusu.
"Nusu itanienea namna gani, na watoto sita?"
Miaka yote hii ya siasa, sijawahi kupigia hesabu watoto sita.

Jumamosi, 8 Juni
Mkutano umeharibika. Nimesema aliyefukuzwa arudi, aliyekuwepo asifukuzwe. Nimesema tukimfukuza huyu mama tutakuwa tumebadilishana zamu tu. Wamenizomea. Watu niliowafundisha kuimba kule kambini! Melkiori amenipokonya kipaza sauti. "Umenunuliwa!" Mbele ya wote.
Mkewe, Suzana, amenisindikiza hadi stendi. Gari lilipofika akasema, "Mzee, atakayechota maji na Esperanse ni mimi, siyo hawa wanaume."

Jumapili, 9 Juni
Nimerudi kwangu Makebuko. Sikwenda kanisani. Sitaki kuona mtu.

Alhamisi, 20 Juni
Suzana amepiga simu. Yeye na Esperanse wamepima shamba kwa kamba, wamepanda miyenzi, ile miti ya ua, mpakani. Nusu kwa nusu. Esperanse atalima pia kipande cha bondeni cha Suzana, mpaka watoto wakue. Hilo mimi sikuliwaza.
Melkiori alikaa ndani. Hakutoka kuwazuia.
Nimeuliza kama anataka kuongea nami.
"Bado, Mzee."
Nimesema sawa. Kisha nikaenda kuwafungulia mbuzi.