Herufi mbili za mwanzo

Jumatatu, 10 Juni 2002
Chai ya rangi tena. Ofisi ya ushirika wa maziwa, na maziwa ya chai hakuna.
Kompyuta mpya za Linux ziko tayari. Ile kuukuu ya DOS diski yake inakoroma. Programu ya kupokelea maziwa ya wakulima iko humo. Aliyeiandika alihama Machakos bila kutuachia msimbo alioandika. Tumebaki na faili ya kuendeshea tu. Meneja, Bwana Kioko, amesema sina likizo mpaka ifanye kazi kwenye mashine mpya. Ijumaa mama yangu anapasuliwa jicho. Nilimwahidi nitakuwepo.

Jumanne, 11 Juni
Nimeihamisha faili kwa waya wa mtandao. Haifunguki, bila shaka. Kioko akasimama nyuma yangu.
"Si ubadilishe tu jina? Hiyo ni faili kama zingine."
Nikamweleza. Programu ya DOS huanza na herufi MZ, ya Linux ina ELF. Mfumo husoma hizo kwanza. Zikiwa ngeni, hauigusi faili. Akaniangalia kama ninamuuzia ng'ombe mgonjwa. Nimechoka kueleza.

Jumatano, 12 Juni
Nimeweka programu ya kuigiza DOS ndani ya Linux. MZ imekubaliwa. Inaanza, kisha inaganda. Nimebadilisha mipangilio kutwa nzima. Namchukia Kioko. Namchukia aliyehama. Shemeji Mwende alipiga simu ofisini kuuliza kama nakuja. Nikasema ndiyo. Uongo mtupu.

Alhamisi, 13 Juni
Bado inaganda. Nimeomba ruhusa tena. Hapana.

Ijumaa, 14 Juni
Mama yuko hospitalini na Mwende. Mimi niko hapa nasoma baiti.
Nimelinganisha vichwa vya faili, yaani baiti zake za mwanzo. ELF hueleza kila kipande kiko wapi. MZ, ya kizamani, hutaja pia urefu wa programu yote. Nikapima. Faili yangu ni fupi kuliko kichwa chake kinavyosema.
Nilijua papo hapo. Jumanne niliihamisha kama faili ya maandishi, si ya programu. Mtandao ukadhani unasaidia: kila ulipokuta alama mbili za DOS za kumaliza mstari, ukafuta moja. Kosa la mwanafunzi. Juma zima natafuta mchawi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.
Mashine kuukuu ilikataa kuwaka, kisha ikawaka. Nikanakili upya, baiti kwa baiti. Ikafunguka. Kioko akasema si alisema ni faili tu. Akasaini likizo. Nililia chooni.

Jumapili, 16 Juni
Kalama, nyumbani kwa mama. Amefungwa kitambaa jichoni. Alinipapasa uso, akasema nimekonda. Akauliza kazi ilikuwa na shida gani.
"Niliiharibu mwenyewe nikiihamisha, Mwaitu."
"Na umeitengeneza?"
"Ndiyo."
"Basi lala, mwana wakwa."
Akasogea kitandani, akaniachia nafasi.