Pete Mbili za Springi ya Mzee Kalebu

Baba,

Usinikasirikie kwa kukuandikia nikiwa nimesimama. Kukaa kumenishinda. Tangu asubuhi nimefagia karakana yako ya bunduki mara tatu, na hakuna kazi iliyoingia, basi nafagia tu. Mtaa wote wa Gikondo uko hivyo tangu vita vianze kule kaskazini. Mtu akibamiza mlango, majirani wote wanatoka kuchungulia.

Mzee Kalebu amepigwa. Yule mlinzi wa ghala la kahawa, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Yuko hai, lakini mkono umefungwa plasta na jino la mbele limetoka. Wezi waliruka ukuta jioni, jua halijazama. Akawaonya, wakamdharau. Akainua bastola juu ili awatishe, akavuta. Ka. Akavuta tena. Ka. Mara tatu, Baba, haikulipuka, na wezi wakamcheka ndipo wakampiga.

Unajua anasema nini sokoni? "Fundi Tadeyo, Mungu amrehemu, ndiye aliyeniponza." Na watu wanatikisa vichwa! Wewe uliyefanya kazi Bujumbura na hapa miaka yote hiyo, leo unasemwa nawe huna mdomo wa kujibu. Nilitaka kumjibu mimi. Lakini niliogopa nilichokuwa nakijua.

Bastola aliileta mwenyewe, akaitupa mezani. "Haya, binti wa fundi, tazama kazi ya baba yako." Nikafanya ulivyonifundisha: fungua kwanza, toa risasi, hakikisha vyumba vyote sita ni vitupu, ndipo uanze kufikiri. Nikazipanga zile risasi tatu zilizokataa juu ya kitambaa, nikatazama kitako cha kila moja kwa lenzi yako. Kwenye fataki, pale panapopaswa kupondeka ili baruti iwake, palikuwa na alama katikati kabisa, lakini hafifu, kama mtu aliyegusa unga kwa ncha ya ukucha. Ulizoea kusema, "Alama ikienda pembeni, laumu silinda. Ikikaa katikati na haina kina, uliza nani amekipunguzia kinyundo nguvu."

Sikutaka kuuliza. Nikalaumu risasi, eti zimelala penye unyevu. Nikajaribu maganda makavu yenye fataki tu, ndani ya pipa la mchanga, mawili yakakataa. Nikalaumu mafuta yaliyoganda, nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Wapi! Nikapima sindano inayogonga fataki, nzima. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ni springi inayosukuma kinyundo, Baba. Niliikata mimi.

Kalebu alinililia kwamba kidole hakiwezi tena kuvuta, nawe ulikuwa umeshamkatalia: "Kama kidole kimechoka, mzee wangu, basi na ulinzi umekwisha." Nikaona una roho ngumu. Jumapili ulipokwenda misa nikakata pete mbili za springi ili kinyundo kiwe chepesi kwa kidole chake, nikavuta mara moja, ikalia, nikajisifu. Mara moja tu! Wewe ungejaribu vyumba vyote sita, ukarudia. Uliporudi nikakuambia nimesugua kutu. Ukanitazama, ukasema, "Haya." Keshokutwa yake kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali, na mimi ndiye niliyemkabidhi Kalebu bastola yake.

Leo nikaenda kutafuta springi nyingine kwenye makopo yako ya maziwa ya unga, kila mteja na kopo lake, kila kipande ulichotoa kwenye silaha yake kimo humo. Kopo la Kalebu nikalitikisa, likalia. Sikuwahi kuweka kitu humo. Zile pete nilizifagia zikaenda na taka. Nikafungua. Zimo zote mbili, ndani ya kipande cha karatasi, na mwandiko wako ulioanza kutetemeka: "Atasema mwenyewe."

Kumbe ulijua. Ulichakura taka zangu, ukaningoja. Na mimi nikakaa kando ya kitanda chako siku tisa hadi ulipotutoka, nakulisha uji, nakusimulia mvua na majirani, na hilo sikulisema. Naona aibu, Baba. Na nimekukasirikia pia, nisikufiche. Kwa nini hukuniuliza?

Springi nzima nimeipata, nimeiweka. Vyumba vyote sita, nikarudia, fataki zote zimelia. Kidole cha Kalebu hakitaiweza, na nitamwambia kama ulivyomwambia wewe, hata akilia.

Kesho baada ya misa atakuwa nje ya kanisa, anahadithia. Nitasimama mbele ya hao hao wanaotikisa vichwa, nifungue karatasi yako, niwaonyeshe pete na mkono uliozikata. Akinitukana, anitukane. Wakiacha kuniletea kazi, waache. Jina lako halitalala tena mdomoni mwao kwa kosa langu.

Pumzika sasa, Baba. Umeningoja vya kutosha. Kesho nasema.

Binti yako,
Konsolata