Avoka juu ya mabati

Nyalukemba, Alhamisi jioni, 1998

Na mimi ndiye mwalimu wa filozofia. Kila mwaka ninawaambia wanafunzi: akili inatangulia na jina, kitu kinafuata. Leo mchana kitu kilipiga mabati, nikawaza bomu. Nikamuangusha muke wangu Esperansi pamoja na mutoto wetu Neema, nikawalalia juu. Ilikuwa avoka, tunda la muti wa jirani.

Esperansi alicheka mpaka machozi. "Papa Neema, iko avoka tu." Tuliikula na chumvi.

Baada ya hapo, kila mulio wa bomu za mbali tulimwambia Neema ni avoka, naye akatulia. Nikafurahi. Niliona nimepata dawa: badilisha jina, woga unaisha.

Jioni hii mulio mumoja ulikuja karibu sana, nyuma ya ukuta wetu. Sikutafuta jina. Mwili ulijua wenyewe. Lakini Neema alibeba beseni, akafungua mulango. "Naenda kuiokota, papa."

Nilimudaka kwa gauni.

Amelala sasa, beseni iko pembeni yake. Kesho lazima nimurudishie woga wake, na sijui nitatumia maneno gani.