Mama, Ndiye Huyu

Kwako uliyekuwa mchumba wangu, uliyeko Kalangalala,

Habari za Geita sikuulizi. Nimekasirika, na leo utanisikiliza.

Unakumbuka ile Jumapili ulipowaalika kwako wenzako wa ofisi ya mgodini? Nilipanda basi kutoka Kagongwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, kwa sababu uliwahi kusema michembe ya sokoni huko haina utamu. Nikakusalimia, nikapitiliza jikoni. Nikakusikia ukiwaambia, "Huyu wangu siyo demonstrative kabisa."

Nikatoa kichwa mlangoni: "This, that, these, those!" Si ndivyo mwalimu alivyotufundisha, kwamba ni maneno ya kuoneshea vitu? Mkacheka mpaka mkashika mbavu. Walipoondoka ukanieleza kama unayemweleza mtoto: eti ni mtu anayeonesha mapenzi yake waziwazi, anakumbatia, anatamka nakupenda mbele za watu. Ukasema umechoka kukaa na gogo. Tukaachana kwa neno moja la Kiingereza, jamani!

Mpaka leo neno hilo limenikwama kooni. Ulipolazwa na malaria, nani alilala chini pembeni ya kitanda chako? Uji ule ulijipika wenyewe? Au ulitaka nikukumbatie stendi ya Kahama, makonda wanipigie miluzi? Nilikuwa naonesha, bwana wewe. Hukuwa unaangalia.

Na siku niliyokuleta nyumbani je? Unajua kabisa kwetu binti hamtaji mwanaume kwa mama yake mpaka awe na uhakika. Nilipiga goti, nikanyoosha mkono kwako, nikasema, "Mama, ndiye huyu." Mama akaacha ungo wa mchele, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Ningeonesha nini zaidi ya hapo? Nilikuwa demonstrative kwa maana zote mbili, ya mwalimu wangu na ya wenzako. Wewe ulikuwa unachezea simu.

Juzi umeniandikia kwamba umenimisi, unaomba kuja. Nimelia, sikufichi. Nilikupenda mno, na inaniuma kwamba neno hilo nalitamka leo, tena kwa maandishi.

Jana tulikuwa tunapepeta mchele, mama akaniuliza, "Huyu anakuja lini?"

Nikamjibu, "Mama, siku hizi tunasema yule."

Wasalimie waliocheka.

Mimi,
niliyekuwa huyu wako