Kofia Yangu Kichwani Mwako

Njia ya Sonoyta kwenda Caborca
24 Septemba 1974

Kwa Ildefonso,

Hujambo? Na mkeo, komadre Rosario, hajambo? Mimi sijambo, ila unyayo wa kushoto umetoka lengelenge kubwa kama yai la kuku, na lengelenge hilo ni lako, mimi nakubebea tu.

Unajua kwa nini sikupita kukuaga. Kama hujui, nakwambia, na barua hii nampa Nabor wa basi akukabidhi mkononi, usije ukasema imepotea.

Mwezi wa nane, kwenye arusi ya kina Valenzuela, yule dereva wa lori la majani ya alfalfa alinipiga bega akacheka: "Don Evaristo! Mwaka jana si nilimbeba mmoja wenu kule mbele ya mji wa Altar? Hija yenu ilikuwa na miguu minne na magurudumu sita!" Meza nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Mimi sijapanda lori. Mimi niliyechuma matikiti Imperial miaka saba, niliyevua jodari Ensenada, niliyeingia Los Angeles kwa mlango wa mbele nikatoka kwa dirisha, mimi na jua tunajuana kwa jina. Njiani tulikuwa wawili. Ukimtoa mmoja, anabaki nani? Hesabu nilisoma mpaka darasa la tatu, na hiyo inatosha kukukamata.

Kisha nikakumbuka. Nililala kidogo kivulini kwenye ranchi moja, na nilipoamka hukuwepo. Ulipotokea umevaa kofia yangu. Kofia yangu! Na kwenye utepe wake majani ya alfalfa. Nikakuuliza ulikuwa wapi, ukasema, "Nilikuwa nanyoosha miguu." Na tulipofika Magdalena, mimi nilinyanyua kichwa cha sanamu ya Mtakatifu Fransisko, ile iliyolala chali, kama mtu anayenyanyua chapati ya tortilla kwenye sahani. Wewe ukakunja mikono, ukasema utakinyanyua mwaka ujao. Kila mtu anajua mwenye dhambi hawezi kukiinua kichwa kile. Ndiyo maana hukujaribu.

Nadhiri ilikuwa ya nani, Ildefonso? Ya Brígida, binti yangu, uliyemshika mwenyewe kwenye maji ya ubatizo. Tulimwahidi Mtakatifu njia yote kwa miguu, mimi na wewe, ili magoti ya mtoto yapone. Yakapona. Tangu Pasaka yamevimba tena, na homa juu. Unadhani kwa nini? Mtakatifu amepima njia, amekuta kipande hakipo. Sasa natembea upya, peke yangu, ili mwanangu asimame.

Kompadre wako, kwa mara ya mwisho,
Evaristo

*

Pozo Prieto
26 Septemba 1974

Kompadre Evaristo,

Barua imefika, imelowa jasho la Nabor. Sisi wazima. Rosario na mkeo, komadre Amparo, wanapokezana kumkanda Brígida magoti. Mimi nampeleka Sonoyta kwa muuguzi kuchomwa sindano, Jumatatu na Alhamisi. Kwa gari, ndiyo.

Jana alikula supu nusu bakuli. Haamki kitandani, lakini anauliza umefika wapi, basi nimemchorea barabara yote sakafuni kwa mkaa, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mlangoni ndiyo Magdalena. Wewe ni kokwa la pichi. Nabor akileta habari, mimi nakusogeza.

Kuhusu lori: lilikuwepo lori. Sina zaidi.

Tembea alfajiri. Saa sita kaa kivulini. Na kofia usiivue hata kama unamsalimu askofu.

Kompadre wako,
Ildefonso

*

Caborca
28 Septemba 1974

Kwa Ildefonso,

Salamu kwa walio nyumbani. Mimi mzima na hasira nzima.

"Lilikuwepo lori." Hayo ndiyo maelezo? Nimemsomea barua yako tai mmoja aliyekaa juu ya dungusi, na hata yeye aligeuza uso. Lori halipandwi kwa bahati mbaya, bwana. Mtu hajikwai akajikuta juu ya majani ya alfalfa.

Nikwambie jambo. Ukitembea peke yako jangwani, siku mbili za kwanza unagombana na watu wote uliowahi kuwajua. Mimi nimegombana na msimamizi wa Imperial, na padre, na marehemu baba yangu aliyenitoa shule nikachunge ng'ombe waliokufa kiu mwaka uleule. Wote nimewashinda, maana hawajibu. Kufikia siku ya tatu wameisha. Mbele barabara imenyooka kama kamba, kulia madungusi, kushoto madungusi, yamenyoosha mikono kama watu waliotekwa na majambazi. Na umebaki wewe tu. Wewe hujaisha. Nikikaa, umekaa. Nikila machaca, nyama yangu kavu, unatafuna nawe. Jana nilijikuta nimeikata tortilla vipande viwili, kimoja nimekunyooshea. Nilikasirika mpaka nikala vyote viwili.

Gari moja lilisimama, kijana amevaa miwani ya jua, ananiuliza, "Mzee, umepotea?" Nikamwambia, "Aliyepotea ni wewe, unakimbia hivyo na hakuna anayekungoja." Akaniita punda, nikamwita mwana wa punda, tukaachana vizuri.

Kinachonichoma si lori. Ungesema, "Kompadre, nimeshindwa," ningekubeba mgongoni, Mungu shahidi, mgongo wangu ulishabeba hata jokofu. Kinachonichoma ni mwaka mzima kuketi mezani kwangu, watu wanakupa mkono kwa kutembea, na wewe umenyamaza kama mtungi. Na mtoto amelala.

Nikirudi nitamwomba padre ampe Brígida baba mwingine wa ubatizo. Nimemfikiria Nabor. Yeye akipanda gari, angalau anavaa sare.

Aliyekuwa kompadre wako,
Evaristo

*

Kilomita ya thelathini na moja baada ya Altar
1 Oktoba 1974

Ildefonso,

Hujambo? Hujanijibu, na ningekuwa wewe nami nisingejibu. Mtoto vipi? Andika hata neno moja.

Leo nimesimama kwenye ile ranchi kuomba maji. Akatoka mwanamke mnene, akanitazama, akapiga kelele ndani: "Mama! Njoo uone! Yule maiti wa alfalfa amerudi!"

Nikasema, "Maiti gani, bibie?"

"Si wewe? Mwaka jana ulishushwa hapa kwenye lori umelegea kama mbuzi aliyechinjwa. Siku mbili unatuita mabaharia. Ukamwamuru mama yangu avute nyavu!"

"Mimi nililala mchana mmoja."

Akatoka kikongwe na bakora yake. "Mchana mmoja! Nilikukamulia vitambaa vya maji kichwani mpaka vidole vikanikunjamana. Umevua kofia tangu Altar, unajisifu kwamba jua la huku ni la watoto wachanga. Mjinga we. Yule mwenzio mpole yuko wapi? Miguu yake ilipona?"

"Miguu ina nini?"

Wakatazamana. Kikongwe akaketi, akanieleza polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kwamba uliniokota kilomita ya kumi na tisa, ukalisimamisha lori, ukanileta, ukanilaza. Kwamba ulirudi na lori lile lile mpaka pale nilipoanguka, ukatembea kuja hapa, kilomita kumi na mbili. Wakakuwekea maharage. Hukula. Ukaivua kofia yako, ukaiweka kifuani pangu, ukachukua yangu, ukamsimamisha tena dereva akurudishe nyuma.

"Nikamwuliza," kikongwe akasema, "wewe mwanamume, jua limekuingia na wewe? Umeshafika! Akanijibu, 'Hizo zilikuwa zangu, mama. Sasa naenda kutembea za kompadre.'"

Ildefonso. Sasa nina hasira mara mbili ya zile za Caborca. Nani alikupa ruhusa? Nani alikwambia uvae kofia yangu uende ukawe mimi barabarani? Mwaka mzima umeniacha nitembee kifua mbele, nawasimulia watu kantini nzima jinsi jua lilivyonikimbia! Umeniacha nikutukane kwa mwandiko wangu mwenyewe, na Nabor anafungua barua, najua anafungua, sasa basi zima la Sonoyta linajua mimi ni nani. Ulishindwa nini kusema, "Evaristo, ni wewe"? Maneno matatu! Ningekupiga ngumi moja, tukanywa kahawa, ikaisha.

Na mbona niliweza kukiinua kichwa cha Mtakatifu, mimi mtu wa lori? Na wewe uliyetembea kwa watu wawili ukakunja mikono? Sasa nimeelewa. Ulikuwa na uongo mmoja mdomoni, na uongo wenyewe ulikuwa wa kunisitiri mimi.

Basi magoti ya mtoto yamevimba kwa nini? Njia ilitimia, wewe uliitimiza. Sijui. Umri huu wote, leo ndiyo mara ya kwanza naandika neno hilo: sijui. Mpeleke kwenye sindano. Usikose hata moja.

Kesho narudi nyuma kwa miguu mpaka kilomita ya kumi na tisa, nizitembee zile kumi na mbili tena. Za leo zilikuwa zangu. Hizo zitakuwa zako, na usinizuie, maana wewe hukuniuliza.

Evaristo, maiti wa alfalfa

*

Magdalena
4 Oktoba 1974

Kompadre,

Nimefika. Salamu kwa wote. Miguu imekwisha, mdomo upo.

Watu ni wengi kama mchanga. Foleni ya Mtakatifu inazunguka uwanja mzima, na mimi sikuingia. Nimeketi kwenye ngazi, kijiguu cha bati cha kumtolea Mtakatifu kwa ajili ya Brígida kiko mfukoni. Bibi mmoja aliniuliza, "Unaogopa kichwa, don?" Nikamwambia, "Namngoja mwenye zamu."

Njoo. Panda basi la Nabor kesho asubuhi, jioni utakuwa hapa. Nitakushikia nafasi, ukinyanyue wewe kwanza. Nimekwishamwambia Mtakatifu habari zako zote, na uongo wako nimemweleza ulikuwa wa nani.

Na kama baba wa ubatizo anaweza kumsamehe baba mzazi, nisamehe. Kama hawezi, njoo unipige.

Kompadre wako,
Evaristo

*

Pozo Prieto
6 Oktoba 1974

Kompadre Evaristo,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua zako zote nimezipata, pamoja na ile ya ranchi. Nabor analia anapoendesha, abiria wanaogopa.

Umesema nipande basi nije Magdalena. Kwa basi siji. Nakufahamu. Mwezi wa nane ujao utakuwa kwenye arusi ya mtu, umeshakunywa, unawaambia watu kompadre wako alienda hija kwa basi.

Leo naanza kutembea. Ningojee siku kumi. Kama umechoka kuketi kwenye ngazi, tafuta kibarua, wewe si unajua kazi zote za dunia? Rosario anasema sisi wawili ni punda, ila mmoja anapiga kelele.

Sindano, Amparo amesema atampeleka yeye. Homa imeshuka tangu Alhamisi. Muuguzi anasema tusifurahi haraka, basi tunafurahi polepole.

Jana nilipomwambia Brígida kwamba nami natoka, aliomba kokwa lingine. Nikataka kuliweka mwenyewe pale barabara inapoanzia, karibu na kitanda. Akanikataza. Akajishusha, akasimama, akashika ukingo wa kitanda, akainama. Kwa magoti yake, kompadre. Ilichukua muda. Akaliweka, akaliangalia, akasema limekaa upande, akainama tena akalinyoosha.

Kofia yangu nimeivaa. Na yako uivae.

Kompadre wako,
Ildefonso