Usukani Ulilegea, Haukurejea

Doha

Mdogo wangu Wafula,

Mimi ni mzima, ila joto la hapa linatukaanga gereji. Mguu unaendeleaje? Shemeji Nafula ameniambia sasa unafika langoni kwa magongo. Nimefurahi kweli.

Simu zinakatika kila mara, ndiyo maana nakuandikia. Wakili wetu wa Kitale alinisomea taarifa uliyoandikisha polisi baada ya tuktuk kukuangusha pale Kamukuywa. "Hapa ndugu yako anasema usukani ulirejea," akaniambia. "Kama ulirejea, ajali ilitoka wapi?" Nilicheka mpaka bosi akageuka, kisha nikakasirika. Nakusikia kabisa ukisema, "Afande, usukani uliregea, bana." Naye afande wa Pwani, ambaye kwake kuregea ni kurudi, akaandika alichosikia. Sisi watu wa Bungoma, hii L yetu inayogeuka R itakuja kutufunga.

Picha ulizotuma nimezikagua vizuri. Bamba linaloshika usukani ni jembamba mno kwa uzito linaobeba, tena limepasuka mahali palepale lilipopasuka kwenye tuktuk ya jirani yako wa Myanga, ambaye mlinunua tuktuk zenu duka moja. Hilo si kosa la dereva. Ziliundwa hivyo. Wakili anasema tunaweza kumshtaki aliyeziunda, aliyeziingiza nchini na aliyekuuzia, wote pamoja. Sheria inatupa miaka mitatu, lakini sitaki tulale.

Kwa hivyo rudi kituoni uandikishe taarifa ya kurekebisha ile, na useme pole pole. Yule wa dukani anayetaka kuichukua tuktuk ati aitengeneze bure, mwambie hapana, kwa maana ikitoka hapo ushahidi umekwenda. Karatasi yoyote atakayoleta usiitie sahihi. Mama naye anataka iuzwe kama chuma chakavu kwa sababu imemwaga damu. Mwombe kwa heshima avumilie mpaka mtaalamu aikague.

Kesi tutashinda, sina wasiwasi. Kinachoniuma ni kwamba Shemeji anasema siku hizi unajilaumu, ati labda ulisinzia. Wafula, usijibebeshe kosa la mtu aliyepunguza chuma kiwandani.

Nisalimie Mama, mjomba wetu wa Suam na watoto wako wote. Ukimaliza kusoma, mwite mkeo, mtazame machoni, umwambie hukusinzia.

Kaka yako anayekupenda,
Simiyu