Vitufe Viwili vya Mama

Jumamosi, 6 Septemba
Programu ninayomtengenezea Mama ya kusemea bado inakawia kufunguka. Nimechemsha chai, nimeimimina, dirisha ndiyo kwanza linatokea. Zana hii ya kuchorea madirisha ya programu ina sura nzuri, vitufe vya mviringo, rangi tamu. Lakini inabeba kivinjari kizima tumboni, na laptopu yangu ni kikongwe. Mama amekaa mbele ya skrini. Kipanya nimemwekea kushoto, maana upande wa kulia umekufa tangu kiharusi. Hakukigusa.
Sisikii chochote. Si huzuni, si hasira. Nimechoka tu.

Jumapili, 7 Septemba
Kaka Athmani kapiga simu kutoka Mombasa. Anakuja Alhamisi kumchukua Mama. Kule kuna hospitali, kuna wajukuu. Nikamwambia kuwa Mama alishaikimbia Kismayu wakati wa vita, akarudi hapa kwa hiari yake. Aulizwe kwanza. Akacheka, akanijibu kwa Kibajuni chetu. "Mchu hasemi, wamuulizaje?"
Kweli, mtu mwenyewe hasemi. Kichwa nacho kinatikisika chenyewe, huwezi kujua ndiyo wala siyo. Basi vitufe: kimoja "Niende", kimoja "Nibaki". Lazima viwe tayari kabla hajafika. Najua Mama atachagua kipi.

Jumanne, 9 Septemba
Zana ya kwanza nimeitupa. Ya pili inafunguka upesi, lakini kila kitufe mpaka ukibembeleze. Mtandaoni watu wanabishana zana ipi bora, wanatukanana kama washabiki wa mpira. Kutwa nzima imeishia hapo.
Programu ikifunguka inatoa salamu kwa sauti yangu. Kitufe cha kuitikia kina sauti ya mke wangu Zeinabu. Nilitaka Mama ajizoeze na hicho. Nikakikuza. Nikabadili rangi. Wapi! Akafumba macho.
Hii nayo haifai.

Jumatano, 10 Septemba
Zana ya tatu, ile inayokuja na Python yenyewe, lugha ninayoandikia programu. Mbaya, kijivu tupu. Inafunguka papo hapo. Mama hakugusa kitu. Nikapiga meza.
Zeinabu alikuwa anamlisha wali. Akanigeukia. "We, huna akili? Mamako aitikie salamu kwa mkono wa kushoto?"
 Tangu augue hajatia tonge kinywani kwa mkono huo. Analishwa. Naona kila siku, halafu nalaumu zana. Mjinga mimi.
Kipanya nimekiondoa. Sasa mwanga unahama wenyewe kutoka kitufe hadi kitufe, na ukipiga popote kwenye kibodi, kile chenye mwanga kinasema. Zana ya kijivu imekubali kwa mistari michache. Mama akautazama mwanga. Akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua mkono uliokufa, akauangusha kwenye kibodi.
"Waaleikum salaam," ikasema laptopu.
Zeinabu akalia. Mimi sikulia. Nilitaka.

Alhamisi, 11 Septemba
Athmani kafika. Kambusu Mama mkono, kakaa. Nikamuuliza Mama mbele yake. Mwanga ukapita "Nibaki". Ukaja "Niende". Mkono ukaanguka.
Nikasema programu ina kosa. Nikaifunga, nikaifungua, nikabadilisha nafasi za vitufe. Nikamuuliza tena. Niende. Mara ya tatu alinitazama mimi kwanza, ndipo akauangusha mkono. Niende.
Athmani akaangalia sakafu. Afadhali angenicheka.
Zana haina kosa. Kwa nini aende, sijui. Kitufe cha kueleza hilo sikutengeneza.

Ijumaa, 12 Septemba
Wameondoka baada ya swala. Laptopu nimewapa, na chaja yake. Athmani nimemwonyesha jinsi ya kuiwasha. Zeinabu kakunja kitanda cha Mama. 
Usiku umeingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Athmani, wako njiani. Salamu yangu. Kimya kidogo. Kishindo cha mkono kwenye kibodi. Kisha sauti ya Zeinabu ndani ya laptopu inaitikia.
Kile kishindo nimekirudia mara kadhaa. Halafu nimezima simu, nikaenda kuoga.